Ghala la Filamu Nyumbani: Historia ya Kuchagua Vifaa vya Seva ya Familia

Seva ya nyumbani ni kompyuta inayowaka usiku na mchana, isiyohitaji skrini wala kibodi, ambayo kazi yake ni kutunza filamu, muziki na picha za familia na kuzipeleka kwenye televisheni, simu na kompyuta za nyumba nzima kupitia mtandao wa ndani. Katika nyumba za watu wa kawaida imekuwapo kwa takriban robo karne tu, lakini karibu kila kilichomo ndani yake kilizaliwa kwingine. Diski ilitoka kwenye vyumba vya hesabu vya makampuni makubwa, mbinu ya kuziunganisha diski ikatoka chuo kikuu, na programu ya kugawana faili ikaandikwa na mwanafunzi aliyetaka tu kompyuta zake mbili zielewane. Tangu mwanzo, kuchagua vifaa vya seva kumekuwa ni kutafuta jibu la swali moja: diski ikifa, na lazima itakufa, kitabaki nini? Makampuni yaliliuliza swali hilo mapema. Watu wa majumbani walichelewa, na wengi walilifahamu siku walipopoteza picha za harusi na za watoto wao wakiwa wachanga.

Diski ngumu ya kwanza kuuzwa duniani ilitangazwa na kampuni ya IBM mwezi Septemba 1956, pamoja na kompyuta iliyoitwa 305 RAMAC. Ilibuniwa San Jose, California, na kundi la wahandisi lililoongozwa na Reynold Johnson, ambaye kabla ya hapo alikuwa mwalimu wa sekondari. Ndani yake zilikuwamo sahani 50 zenye upana wa sentimita 61 kila moja, zikizunguka mara 1,200 kwa dakika, na zote kwa pamoja zilibeba herufi milioni 5, ambazo kwa vipimo vya leo ni megabaiti 3.75 hivi. Mteja hakuinunua mashine. Aliikodi kwa dola 3,200 kwa mwezi. Wimbo mmoja wa MP3 wa dakika nne, uliobanwa kwa kiwango cha kawaida cha biti 128,000 kwa sekunde, usingeenea humo.

Kutoka hapo diski ilisinyaa kwa umbo na kupanuka kwa uwezo. Mwaka 1980 kampuni changa ya Alan Shugart, ambayo baadaye ilijulikana kama Seagate, ilitoa diski ya inchi 5.25 iliyobeba megabaiti 5 na kuuzwa kwa takriban dola 1,500. Miaka mitatu baadaye kampuni ya Rodime ya Scotland ilitoa diski ya inchi 3.5. Kipimo hicho hakikubadilika tena: kasha la seva linalonunuliwa leo lina nafasi zilizokatwa kwa ukubwa uleule wa mwaka 1983, na ndiyo sababu kasha zuri la chuma linaweza kuvihudumia vizazi vitatu au vinne vya diski bila kuchakaa. Kilichobadilika ni kichwa cha kusomea. Mwaka 1988 Albert Fert nchini Ufaransa na Peter Grünberg nchini Ujerumani, kila mmoja kwa njia yake, waligundua kwamba tabaka nyembamba mno za metali hubadilisha sana ukinzani wake wa umeme zinapoguswa na sumaku hafifu. IBM iliugeuza ugunduzi huo kuwa kichwa cha diski iliyoingia sokoni mwaka 1997, na uwezo wa diski ukaanza kupaa. Mwaka 2007, Fert na Grünberg walipopewa Tuzo ya Nobel ya Fizikia, Hitachi ilikuwa imekwisha kutangaza diski ya kwanza ya terabaiti 1 kwa dola 399. Bila fizikia hiyo kusingekuwa na ghala la filamu katika nyumba ya mtu yeyote.

Nusu nyingine ya msingi iliwekwa katika Chuo Kikuu cha California, Berkeley. Mwishoni mwa miaka ya 1980 David Patterson, Garth Gibson na Randy Katz waliona kwamba diski ndogo zilizotengenezwa kwa ajili ya kompyuta za mezani zilikuwa nafuu kuliko diski kubwa za mitambo ya makampuni, hata kwa kila megabaiti. Tatizo lilikuwa kwamba ukiunganisha diski 100 nafuu, uwezekano wa mojawapo kufa ndani ya wiki yoyote huwa mkubwa kiasi cha kuifanya mashine isiaminike. Ripoti yao ya mwaka 1987, iliyowasilishwa kwenye mkutano wa Chicago mwaka 1988, ilipanga njia tano za kuunganisha diski ili kundi liendelee kufanya kazi mojawapo inapoanguka. Jina walilolipa, RAID, lilienea upesi kuliko ripoti yenyewe.

Njia iliyopendwa zaidi majumbani ni rahisi kuielewa kwa hesabu ya shule. Chukua diski tatu za data na moja ya ulinzi. Katika nafasi fulani, diski ya kwanza imeandika 1, ya pili 0 na ya tatu 1. Diski ya nne huandika tarakimu inayofanya idadi ya moja zote kuwa shufwa. Hapa itaandika 0. Diski ya pili ikifa, kompyuta huhesabu moja zilizobaki, huona ni mbili, na hivyo hujua kwamba iliyopotea ilikuwa 0. Hesabu hiyo hurudiwa mara mabilioni hadi diski mpya ijazwe. Katika njia ya tano ya Berkeley, tarakimu hizo za ulinzi husambazwa kwenye diski zote badala ya kurundikwa kwenye moja. Mwenye diski nne za terabaiti 3 hupata nafasi ya terabaiti 9 na huweza kumudu msiba mmoja. Kurudufu kila diski kwa pacha wake ni salama na kwepesi zaidi, lakini nusu ya fedha huenda kwenye nakala, na kwa miaka mingi familia hazikuwa tayari kulipa gharama hiyo.

Kilichozipa familia sababu ya kutafuta ghala ni muziki. Mwezi Julai 1995 watafiti wa taasisi ya Fraunhofer nchini Ujerumani walikubaliana kwamba faili zao za sauti zilizobanwa ziishie na herufi za mp3. Umbo hilo lilipunguza wimbo wa CD hadi takriban sehemu moja ya kumi na moja ya ukubwa wake. Huduma ya kugawana nyimbo ya Napster ilipoanza mwezi Juni 1999 vijana walijaza diski zao kwa majuma machache. Filamu zilifuata: DVD ilianza kuuzwa Japani mwezi Novemba 1996, na mwezi Oktoba 1999 ilisambazwa programu iliyofungua kufuli lake, jambo lililomfikisha mahakamani kijana wa Norway, Jon Lech Johansen, ambaye aliachiwa huru mwaka 2003. Sheria kuhusu kunakili filamu aliyoinunua mtu mwenyewe zinatofautiana hadi leo kutoka nchi moja hadi nyingine. Kwa hesabu ya nafasi tu, DVD yenye tabaka mbili ilihitaji gigabaiti 8.5, na mwenye rafu ya filamu 200 alihitaji nafasi ambayo hakuna diski moja ya wakati ule iliyoweza kuitoa.

Seva za kwanza za nyumbani hazikununuliwa kama seva. Zilikuwa kompyuta za mezani zilizostaafu, zikawekwa kwenye kona au chini ya ngazi, zikaongezewa diski na kupakiwa Linux. Programu iliyozifanya zionekane kwenye Windows kama diski ya kawaida ilikuwa Samba, iliyoanzishwa na Andrew Tridgell akiwa mwanafunzi wa shahada ya uzamivu mjini Canberra, Australia, kati ya mwisho wa 1991 na mwanzo wa 1992. Samba ndiyo kazi muhimu kuliko zote katika historia hii, na wanaoitumia kila siku ndani ya masanduku waliyonunua dukani mara nyingi hawajui kama ipo. Upungufu wa kompyuta hizo za zamani ulikuwa kelele, joto na umeme. Mashine inayokula wati 80 bila kuzimwa hutumia takriban uniti 700 kwa mwaka. Mwenye nyumba aliyedhani amepata seva ya bure aliilipia polepole kupitia mita.

Hapo ndipo makampuni yalipoingia na masanduku madogo. Synology ilianzishwa Taiwan mwaka 2000, na QNAP, ya Taiwan pia, ikafuata mwaka 2004. Mwaka huohuo Linksys ilitoa kisanduku kilichoitwa NSLU2, chenye kumbukumbu ya megabaiti 32 tu na milango miwili ya USB, kisicho na diski yoyote ndani. Mnunuzi alichomeka diski zake za nje na kupata hifadhi ya mtandao kwa bei ndogo. Kwa kuwa kilitumia Linux, wapenzi wake walikifungua, wakaandika programu mbadala, na wakagundua kwamba prosesa yake ilikuwa imewekwa iende kwa nusu ya kasi yake: megahezi 133 badala ya 266. Kuondoa kipingamizi kimoja kwenye bodi kuliirudishia kasi yake kamili. Watu waliojifunza kuchomelea kwa sababu ya kisanduku hicho ndio walioandika miongozo mingi ya ujenzi wa seva katika miaka iliyofuata, na ushauri wao wa kuangalia kwanza kilichomo kwenye bodi, kisha maandishi ya kwenye boksi, bado ni ushauri mwema.

Jaribio kubwa la kuipeleka seva sebuleni lilifanywa na Microsoft. Bill Gates alitangaza Windows Home Server mjini Las Vegas mwezi Januari 2007, na masanduku ya HP MediaSmart yakaanza kuuzwa mwishoni mwa mwaka huo yakiwa na nafasi nne za diski zilizochomolewa kwa mkono bila bisibisi. Ubora wake ulikuwa kwamba ilikubali diski za ukubwa wowote. Mtu aliongeza ya gigabaiti 500 leo na ya terabaiti 1 mwakani. Mfumo ulizijumlisha kuwa bwawa moja na kuandika kila faili lililoteuliwa kwenye diski mbili tofauti. RAID ya kawaida haikuwa na ukarimu huo, kwani hupima kila diski kwa ile iliyo ndogo kuliko zote. Lakini kabla ya mwaka 2007 kuisha, Microsoft ilikiri kwamba katika seva zenye diski zaidi ya moja baadhi ya programu ziliweza kuharibu faili zilipokuwa zikihaririwa. Kasoro hiyo haikurekebishwa hadi Julai 2008. Mwezi Novemba 2010 kampuni ilitangaza kwamba toleo lijalo halitakuwa na uwezo wa kuchanganya diski, na wateja waliopenda mfumo kwa sababu hiyo moja wakaanza kuuhama. Lilikuwa kosa la kusikitisha, kwa sababu familia zilikuwa zimeelewa mfumo ule bila kufundishwa. Programu ya Unraid ya Marekani, iliyoanza mwaka 2005, iliwapokea wengi wao. Nayo huruhusu diski za ukubwa tofauti mradi ile ya ulinzi isizidiwe na nyingine yoyote.

Upande wa pili walikuwapo waliotaka kujenga wenyewe. Mwaka 2005 Mfaransa Olivier Cochard-Labbé alianzisha FreeNAS, mfumo mdogo uliotegemea mfumo wa uendeshaji wa FreeBSD na uliosimamiwa kupitia kivinjari. Mwaka huohuo kampuni ya Sun ilitoa hadharani msimbo wa ZFS, kazi ya Jeff Bonwick, Matthew Ahrens na wenzao, ambayo ilikuwa imeanza mwaka 2001. ZFS ilileta wazo ambalo RAID haikuwa nalo. RAID hungoja diski iseme imekufa. Diski inayorudisha data iliyooza kimyakimya bila kulalamika, RAID huiamini. ZFS huandika kwa kila kipande cha data alama ya hesabu, na kila kikisomwa huilinganisha alama hiyo. Isipolingana, huchukua nakala nzima kutoka diski nyingine na kukitengeneza kilichoharibika. Baada ya FreeBSD 7.0 ya mwaka 2008 kuibeba, wamiliki wa nyumba walipata bila malipo ulinzi uliokuwa umekusudiwa kwa mabenki.

Pamoja nao ulikuja mjadala ambao haujaisha, kuhusu kumbukumbu inayojisahihisha, ile ya ECC. Hoja yake ni kwamba alama ya ZFS haina faida ikiwa data iliharibika ndani ya kumbukumbu kabla ya kuandikwa. Hoja ni sahihi, ila wengine waliivuta mbali wakadai kwamba ZFS bila ECC ni hatari kuliko mifumo mingine bila ECC, jambo ambalo Ahrens mwenyewe amelikanusha. Mwenye bodi inayoikubali kumbukumbu hiyo afadhali aitumie. Asiye nayo hana sababu ya kuacha ujenzi.

Mashine iliyowakutanisha wanunuzi wa masanduku na wajenzi ilikuwa ProLiant MicroServer ya HP. Toleo la kwanza, N36L, lilitoka mwaka 2010 likiwa na prosesa ya AMD ya gigahezi 1.3, nafasi nne za diski, pawasaplai ndogo na uwezo wa kutumia kumbukumbu ya ECC, vyote ndani ya kasha lililoenea kwenye rafu ya vitabu. N40L ilifuata mwaka 2011, kisha N54L mwaka 2013. Zilikusudiwa ofisi ndogo, lakini nchini Uingereza HP iliziuza kwa marejesho makubwa ya fedha na wanunuzi wa majumbani wakazichangamkia. Prosesa yake ilikuwa dhaifu hata kwa wakati wake. Haikujalisha, maana kazi ya kutoa faili kwenye diski na kulipeleka kwenye waya ni nyepesi, na mtandao wa gigabiti hujaa kwa megabaiti 110 hivi kwa sekunde, kasi ambayo diski moja ya wakati huo iliikaribia yenyewe.

Kisha maji yakafurika. Mvua za mwaka 2011 zilizamisha maeneo ya viwanda ya Ayutthaya nchini Thailand, nchi ambayo sehemu kubwa ya diski za dunia na vipuri vyake ilikuwa ikitengenezwa humo. Kiwanda cha Western Digital cha Bang Pa-in kilifungwa mwezi Oktoba, na ndani ya wiki chache bei za diski zilikaribia kuongezeka maradufu madukani. Kampuni ya Backblaze ya California, inayohifadhi data za wateja mtandaoni, ilijikuta haina pa kununua diski za jumla. Wafanyakazi na marafiki zake wakazunguka maduka ya rejareja wakinunua diski za nje za USB, wakazivua maganda na kutumia diski zilizokuwamo. Hali ya kushangaza ni kwamba diski yenye ganda, kebo na adapta mara nyingi iliuzwa rahisi kuliko ileile ikiwa tupu, na imeendelea hivyo. Kumenya diski kukawa desturi ya wajenzi wa nyumbani. Baadhi ya diski zilizomenywa miaka ya baadaye zilifuata kanuni mpya ya umeme ambapo volti 3.3 kwenye pini ya tatu huizima diski. Ikichomekwa kwenye pawasaplai ya zamani haiwaki kabisa. Mafundi waliziba pini hiyo kwa kipande cha utepe usiopitisha umeme na diski ikazunguka.

Mwezi Julai 2012 Western Digital ilitoa familia ya diski iliyoitwa Red, iliyolengwa mahsusi kwa masanduku ya hifadhi. Tofauti kubwa haikuwa chuma bali tabia. Diski ya kompyuta ya mezani ikikuta sehemu isiyosomeka hung'ang'ana nayo kwa makumi ya sekunde, kwa sababu haina mwenzake wa kumsaidia. Ndani ya RAID ung'ang'anizi huo ni hatari: kidhibiti husubiri sekunde chache, huona kimya, huamua diski imekufa, na kuitupa nje ya kundi ikiwa bado nzima. Diski za hifadhi hukata tamaa baada ya sekunde 7 hivi na kuacha wenzao watoe data ile. Lebo nyekundu ilikuwa ghali kidogo tu kuliko ya kawaida, na kwa mara ya kwanza mnunuzi wa kawaida aliweza kuchagua diski kwa kazi badala ya kwa ukubwa.

Wakati huo ulikuwapo pia ujuzi mpya kuhusu vifo vya diski. Mwaka 2007 Eduardo Pinheiro, Wolf-Dietrich Weber na Luiz André Barroso wa Google walichapisha uchunguzi wa diski zaidi ya 100,000. Walikuta kwamba joto la wastani halikuua diski kama ilivyodhaniwa, na kwamba zaidi ya nusu ya diski zilizokufa hazikuwa zimeonyesha hata moja ya dalili nne kuu ambazo diski hujiripoti zenyewe. Dalili inapoonekana, hata hivyo, ni nzito: baada ya kosa la kwanza la ukaguzi, diski ilikuwa na uwezekano mara 39 zaidi wa kufa ndani ya siku 60. Kuanzia mwaka 2014 Backblaze nayo ilianza kutangaza viwango vya vifo kwa kila aina ya diski inayoitumia, ikitaja majina ya watengenezaji. Takwimu hizo ni zawadi kubwa kwa mnunuzi asiye na maabara. Lakini zinatoka kwenye mabohari yenye maelfu ya diski zinazofanya kazi bila kupumzika, na kuzichukua kama hukumu kwa diski mbili za nyumbani ni kuzidai kisichokuwamo.

Imani katika lebo nyekundu ilitikiswa mwezi Aprili 2020. Ilibainika, na Western Digital ikakiri, kwamba baadhi ya diski za Red za terabaiti 2 hadi 6 zilikuwa zinatumia uandishi wa mistari inayolaliana bila mnunuzi kuelezwa. Seagate na Toshiba nazo zilikiri kuutumia katika baadhi ya diski zao za kawaida. Katika uandishi huo kila mstari wa sumaku hufunika sehemu ya jirani yake, kama makuti yanavyolaliana kwenye paa, ili mistari mingi zaidi ienee kwenye sahani. Kusoma hakuathiriki. Tatizo ni kuandika katikati: kubadilisha mstari mmoja hulazimu kuiandika upya iliyoufuata. Kwa filamu inayowekwa mara moja na kuachwa hilo halisumbui sana, lakini diski mpya inapojazwa kufidia iliyokufa, maandishi huja mfululizo kwa saa nyingi, diski huelemewa, na ZFS huweza kuiona imeshindwa. Walioumia ni wale hasa waliolipa zaidi ili wasipate tatizo hilo. Baada ya mashtaka na malalamiko, kampuni iliziweka diski za uandishi wa kawaida chini ya jina la Red Plus. Tangu hapo, kuuliza aina ya uandishi kabla ya kulipa ni sehemu ya ununuzi.

Historia ya prosesa ilikwenda njia yake. Maadamu kichezeshi cha sebuleni kilielewa kila aina ya faili, seva haikuhitaji nguvu. Ndivyo ilivyokuwa enzi za XBMC, programu iliyoanza kwenye Xbox mapema miaka ya 2000 na kubadilishwa jina kuwa Kodi mwaka 2014. Mambo yaligeuka watu walipotaka kutazama kwa simu na nje ya nyumba. Plex, iliyochipuka kutoka XBMC mwaka 2008, ilihamishia kazi kwenye seva: simu isiyoelewa umbo la filamu, au iliyo kwenye mtandao mwembamba, hupelekewa filamu iliyogeuzwa papo hapo. Kugeuza video kwa nguvu za prosesa peke yake ni kazi nzito, na kwa miaka kadhaa wajenzi walinunua prosesa kubwa za seva zilizotumika ili wanafamilia watatu wasigombane. Jibu lilikuwa limekwisha kuwapo. Mwezi Januari 2011 Intel ilikuwa imeweka ndani ya prosesa zake za kawaida sehemu ndogo ya pekee ya kusimba na kusimbua video. Programu zilipojifunza kuitumia, hesabu ilibadilika kabisa, na kizazi cha Kaby Lake cha mwaka 2017 kilipoongeza uwezo wa HEVC ya biti 10, umbo linalotumiwa na filamu za 4K, prosesa ya bei ndogo ikawa inafanya kazi iliyokuwa ikihitaji mashine ya wati mia. Ndiyo maana hadi leo mjenzi wa seva ya filamu huulizia kwanza michoro iliyomo ndani ya prosesa, na idadi ya kori baadaye.

Katika Afrika Mashariki ghala la filamu lilikua kwa njia tofauti. Kebo ya SEACOM ilifika Mombasa na Dar es Salaam mwezi Julai 2009. Kabla ya hapo intaneti ilitegemea setilaiti, ghali na ya polepole. Filamu na nyimbo zilisafiri kwa mkono, kwenye kanda, CD, kisha flashi zilizojazwa kwenye vibanda vyenye kompyuta moja na diski kubwa. Filamu zilizosimuliwa kwa Kiswahili, kama za Lufufu wa Dar es Salaam kwenye kanda za VHS na baadaye za DJ Afro nchini Kenya, zilienea hivyohivyo, na kazi za namna hiyo hubaki pale tu palipo na mtu aliyeamua kuzitunza. Anayejenga seva katika miji hii hukutana pia na swali ambalo miongozo ya Ulaya hulipitia haraka, nalo ni umeme. Umeme ukikatika katikati ya uandishi, RAID ya kawaida huweza kubaki na data mpya na tarakimu ya ulinzi ya zamani. Unaporudi kwa kishindo unaweza kuua pawasaplai pamoja na diski zote ilizozilisha. Betri ya UPS yenye waya wa USB, inayoiambia seva ijizime yenyewe chaji inapopungua, inastahili kununuliwa kabla ya diski ya ziada, na pawasaplai ya jina linaloaminika kabla ya prosesa nzuri.

Mambo mawili ya karibuni yalionyesha mpaka wa vifaa. Mwezi Juni 2021 wamiliki wa diski za mtandao za My Book Live walikuta data zao zimefutwa kutoka mbali kupitia udhaifu wa programu ambayo haikuwa ikiboreshwa tena, na mwezi Januari 2022 wahalifu waliojiita DeadBolt walifunga faili kwenye masanduku mengi ya QNAP yaliyokuwa wazi kwenye intaneti, wakidai malipo. Diski zote zilikuwa nzima. Mpigapicha Mmarekani Peter Krogh alikuwa ameshaeneza miaka ya 2000 kanuni ya nakala tatu, kwenye vyombo vya aina mbili, moja ikiwa nje ya nyumba. Kwa filamu zinazoweza kunakiliwa upya kanuni hiyo ni ghali. Kwa picha za familia, diski moja ya nje inayojazwa na kupelekwa kwa ndugu wa mtaa mwingine ina thamani kuliko nafasi ya tano kwenye sanduku.

Soko la sasa limerudi kwenye udogo. Prosesa ya Intel N100, iliyotoka Januari 2023, ina kori nne na kiwango cha wati 6, na sehemu yake ya video inageuza filamu za 4K. Seva inayoitumia pamoja na diski nne zinazozunguka huweza kukaa karibu na wati 30, yaani uniti 260 hivi kwa mwaka. Masanduku ya kununua nayo yamekuwa na misukosuko yake: mwaka 2025 Synology ilitangaza kwamba matoleo mapya ya daraja la Plus yatahitaji diski zilizoidhinishwa nayo, wateja wakapinga kwa nguvu, na mwezi Oktoba mwaka huohuo kampuni ikalegeza sharti hilo. Wajenzi wengi walikuwa tayari wamehamia TrueNAS, jina la sasa la FreeNAS, au Unraid. Upande wa diski, Seagate ilitangaza Januari 2024 diski za terabaiti 30 zinazoandika kwa kupasha moto nukta ya sahani kwa leza. Diski ya ukubwa huo, ikijazwa upya kwa megabaiti 250 kwa sekunde bila kusimama, huchukua zaidi ya saa 33, na muda wote huo kundi lenye diski moja ya ulinzi halina ulinzi wowote. Kwa hiyo wanaonunua diski hizo huweka mbili za ulinzi, au hurudi kwenye njia ya mapacha ambayo familia za miaka ya 2000 ziliiona ghali.